Acha Kuskrinshoti Viraka vya Watu, Chora vya Kwako!

Wadau, leo sitaji jina la mtu. Ila mnamjua. Staa mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, kaposti chumba chake kipya, kitanda kimetandikwa shuka la viraka vya vitenge, kali kinoma. Komenti zote zinauliza nani kamshonea. Jibu lake: "Idea yangu mwenyewe," na emoji ya taji juu.

Huku Kasulu watu wamecheka mpaka wakakaa chini. Ile miraba midogo inayozunguka kiraka kimoja chekundu tumeiona kitambo kwenye status ya WhatsApp ya dada mmoja fundi, cherehani yake iko barazani, anashonea mabaki ya vitenge. Staa kapata taji, fundi hajapata hata tagi.

Sasa kabla hamjaenda kumshambulia kwenye page yake, ngoja niwaambie ukweli mchungu. Na sisi ni wale wale. Wiki hiyo hiyo, kuanzia Kibondo mjini mpaka Kitanga kule mpakani, wateja walikuwa wanaingia kwa mafundi na skrinshoti mkononi: "Nataka hivi hivi, usibadilishe kitu." Fundi mwenye akili zake na macho yake anageuzwa mashine ya fotokopi. Halafu anabishaniwa bei, kwa sababu kitu kinachofanana kila kibaraza hakina cha kukitetea bei yake.

Najua kuna wa kusema mshono hauna mwenyewe. Kwamba hata kitenge chenyewe kilizaliwa kwa kuiga, Wadachi waliiga batiki za Java wakaja kuuza Afrika. Kweli kabisa. Ila kuiga ili ujifunze ni kitu kimoja, kuiga halafu ukamfuta aliyekufundisha ni kitu kingine. Na pia, nani kasema sisi hatuna cha kwetu?

Kuna watu kule Karnataka, India, wanaitwa Wasiddi. Asili yao ni Waafrika, wengi mababu zao walichukuliwa pwani yetu hii ya mashariki. Wanawake wao wanashona mablanketi ya viraka kwa mkono, yanaitwa kawandi. Hawachori kwanza. Wanaanza pembeni, wanazunguka kuelekea katikati, nguo kuukuu juu ya nguo kuukuu. Mwisho wanaweka vipande vidogo kwenye kona nne, wanaviita maua. Bila hayo maua, wanasema blanketi liko uchi.

Nenda Marekani, kijiji cha Gee's Bend, Alabama. Wamama weusi, watoto wa vizazi vya watumwa, walishona viraka kutokana na suruali za shambani zilizochakaa ili familia isife baridi. Mwaka 2002 kazi zao zikatundikwa kwenye makumbusho ya sanaa Houston, 2006 zikatoka kwenye stempu za posta za nchi. Na 2007 baadhi yao walikwenda mahakamani kudai kuwa kuna watu wananufaika na mitindo yao kuliko wao. Kwa hiyo msione hili ni umbea wa Insta tu. Ni hela, na ni jina la mtu.

Basi tufanye nini? Tuchore vyetu. Wala si kazi ngumu.

Chukua daftari la hesabu, lile la viboksi. Kila kiboksi ni kiraka kimoja. Usianze na rangi saba, anza na mbili tu: penseli kwa giza, nyeupe iache wazi. Chora boksi la viraka vinne, kisha ligeuze, lizungushe, liweke kichwa chini. Boksi moja tu, ukilizungusha, litakupa mitindo mingi kuliko unavyodhani.

Ukikosa wazo, usifungue Pinterest. Angalia msuko wa kikapu cha bibi yako. Angalia mashamba kwenye vilima vya Buha, yalivyokatwa mistari ya mahindi na maharage. Majirani zetu Wanyarwanda wana imigongo, ile sanaa ya pembe na misokoto ya nyeusi, nyeupe na nyekundu, na inaanzia kwenye kinyesi cha ng'ombe ukutani. Kinyesi, wadau! Wewe una vitenge unasema huna wazo?

Hesabu sasa. Kitanda cha futi 5 kwa 6 ni inchi 60 kwa 72. Boksi la inchi 12 linaingia mara 5 kwa upana na mara 6 kwa urefu, jumla maboksi 30. Kila boksi lina viraka vinne vya inchi 6, kwa hiyo viraka 120: 60 vya giza, 60 vyeupe au vilivyopauka. Ukikata, kata inchi 7, maana nusu inchi kila upande inaliwa na mshono. Fua vitenge vipya kwanza, kuna vinavyochuja rangi na vinavyoruka. Na usichanganye pamba na nailoni, pasi itakuumbua.

Simu nayo ina kazi yake. Panga viraka sakafuni, piga picha, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona vyote vimekuwa kijivu kimoja, mchoro wako haujasimama hata kama rangi zinawaka. Badilisha kabla hujashona.

Ukimaliza, upe mtindo wako jina. Kanga ina jina, kiraka chako kikose? Kisha darizi jina lako na mwaka kwenye kona, na picha za michoro uzitunze zikiwa na tarehe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo na COSOTA wapo, lakini hata wao wataanza kwa kukuuliza ushahidi uko wapi.

Na wewe unayeagiza kwa fundi, mwambie unapenda nini, mpe rangi, halafu muache afikirie. Ukiposti, mtagi. Haikugharimu hata bando.

Kwa staa wetu wa jina kapuni: shuka ni zuri, hatukatai. Bado hujachelewa kuediti kapsheni.

Haya, uwanja wenu. Fundi gani mtaani kwenu anastahili kutagiwa leo? Shusha jina lake la biashara hapo chini, akiridhia mwenyewe.