PIMA DROO KABLA YA MSUMENO

Leo tuachane kidogo na habari za nani kamwacha nani. Tuongee makabati. Usigeuze ukurasa, subiri kwanza, hapa kuna pesa yako!

Ofisi nyingi zimehamishia kazi kwenye kompyuta, na samani zao za zamani zinaishia mnadani. Wateja ndio sisi, tunaoanza maisha kwenye chumba kimoja cha kupanga. Shida inakuja pale unaponunua kitu usichokijua, halafu muuzaji naye hakijui. Anakwambia tu, "Hii ya mkoloni hii, bosi wangu," bei inapaa. Ukifika nyumbani unaanza kujiuliza, hivi dude hili lilikuwa la nini?

Dada mmoja hapa mtaani kwetu, fundi cherehani, alipata kabati la mbao lenye droo 30 ndogo ndogo. Kila droo ina kishikio cha shaba na kifremu cha kuchomekea karatasi ya jina. Basi mtaa ukageuka mahakama. Mzee mwenye duka akasema hilo ni la dawa, lilitoka hospitali. Kijana mmoja akabisha, hilo ni la posta, la kupangia barua. Seremala naye akatoa hukumu yake: "Dada, mbao hii imekauka vizuri, tuivunje nikuchongee kabati la vyombo." Msumeno anao mkononi! Na hela iliyokaa pale ilikuwa kodi yake ya miezi miwili, si mchezo.

Nikaomba tepu. Upana wa droo kwa ndani, sentimeta 13 na ushee. Bahasha ndefu ya ofisini ina sentimeta 22, kwa hiyo haikai kwa upana, posta ikaanguka. Nikachungulia chini ya kishikio, nikaona kitundu, na ndani yake kuna fito nyembamba ya chuma inayopita katikati ya droo mpaka nyuma. Sasa jamani, dawa gani inatungwa kama mshikaki?

Zinazotungwa hivyo ni kadi za maktaba. Kila kitabu kilikuwa na kadi zake zenye upana wa sentimeta 12.5 na kimo cha 7.5, na kila kadi ilitobolewa chini katikati. Fito ilipita humo ili msomaji apekue mpaka achoke, lakini asichomoe kadi na kuvuruga mpangilio. Melvil Dewey wa Marekani, yule wa namba za vitabu, alihangaika sana kadi ziwe za kipimo kimoja. Mwaka 1876 alianzisha biashara ya vifaa vya maktaba iliyokuja kujulikana kama Library Bureau, na kadi na makabati yake vikawa mtaji mkubwa. Mchezo ulidumu muda mrefu. Shirika la OCLC la Marekani, lililokuwa likizichapia maktaba kadi, lilichapa za mwisho Oktoba 2015.

Yule dada aliposikia hivyo akamwambia seremala aweke msumeno chini, apake vanishi tu. Akili nzuri, maana ukivunja droo za upana ule unabaki na vipande vya kuwashia jiko. Leo humo ndani mna vifungo, zipu na nyuzi, kila droo na jina lake mbele. Mteja akitaja rangi, dada anavuta, anatoa.

Na wewe ukienda mnadani, beba tepu. Samani ya ofisi ilitengenezwa kufuata karatasi, kwa hiyo tafuta karatasi gani ingekaa humo. Droo pana kama meza lakini fupi kwa kimo ni ya ramani na michoro ya majengo, kwa sababu michoro hulazwa, haikunjwi. Vishubaka vingi vyembamba ni vya barua. Kabla ya makabati ya kusimamisha faili kusambaa, yale yaliyoonyeshwa Chicago mwaka 1893, barua ilikunjwa, ikaandikwa jina na tarehe mgongoni, ikachomekwa. Kabati la chuma likibakiza nafasi pembeni ukiweka faili la A4, usidhani fundi alikosea. Huenda lilitengenezwa kwa ajili ya fulskepu, yenye urefu wa inchi 13 hivi, wakati A4 haifiki hata 12.

Halafu vuta droo zote mpaka mwisho, uangalie na nyuma yake. Karatasi iliyonasa huko inaweza kukumalizia ubishi wote. Ila ukikuta kadi za wagonjwa au mafaili ya wafanyakazi, usigeuze gazeti la mtaa. Siri za watu hazikupigwa mnada, zirudishe zilikotoka.

Muuzaji akianza hadithi za mkoloni, wewe nyamaza, pima, chungulia matundu. Ukishajua kazi yake utajua kama linakufaa, na bei utaijadili ukiwa umenyoosha shingo. Wahenga walishasema, asiyejua maana haambiwi maana. Mnadani huwa anauziwa!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.