Sanaa ya Mjini na Zoezi la Kujaza Nafasi

Limezuka siku hizi neno ambalo wenye maonyesho ya sanaa mijini hawachoki kulitaja: ushirikishi. Picha haitoshi tena kutazamwa, sharti iguswe. Mchezo hautoshi kusikilizwa. Sharti watazamaji wapande jukwaani. Ukuta nao haupakwi rangi na fundi mmoja, bali kila mpita njia hukaribishwa kuuandika. Tunaambiwa kwamba kwa njia hii sanaa imewarudia wananchi, na kwamba mtu wa mjini, aliyezoea kusukumwa na kuamrishwa, sasa amepewa kauli. Sisi walimu wa Kiswahili wa Lubumbashi hatuna ugomvi na nia hiyo. Ugomvi wetu ni juu ya jinsi inavyotekelezwa na, kama itakavyodhihirika, ni ugomvi na nafsi zetu pia.

Si zamani sana tulihudhuria maonyesho ya namna hiyo hapa mjini kwetu. Walioyaandaa hatutawataja, maana hawakuwa watu wabaya, na chai yao ilikuwa nzuri. Uani palisimamishwa ubao mkubwa, na juu yake iliandikwa kwa Kifaransa sentensi moja isiyokamilika, yenye kusema habari za mji na ndoto. Kila mgeni alipewa kadi na kalamu ili aimalizie. Mama mmoja muuza karanga, aliyekuwa ameingia na beseni lake, alimwomba kijana amfasirie maneno yale. Akafikiri kitambo. Kisha akaandika, si mwisho wa sentensi ya wenyeji, bali sentensi yake mwenyewe tangu herufi ya kwanza: "Batu ba huku beko na mambo ya kusema, lakini hakuna mwenye anatuuliza." Kadi ilibandikwa jioni ile, nasi tukainakili katika daftari letu. Kesho yake tuliporudi na wanafunzi, haikuwapo. Tulipouliza tulijibiwa, kwa upole kabisa, kwamba haikujibu swali.

Mwalimu yeyote wa lugha ataitambua mara moja hali hii. Ni lile zoezi letu la kale: jaza nafasi zilizoachwa wazi. Mwalimu ameshatunga sentensi, ameshachagua wakati, nafsi na mada. Mwanafunzi ameachiwa mstari wa nukta, na jibu lisiloingia katika mstari ule ni kosa. Zoezi hilo lina faida zake, lakini hajatokea mwalimu mwenye akili timamu aliyeliita insha. Basi kwa nini likihamishiwa uani na kupakwa rangi liitwe sauti ya umma?

Mfano mashuhuri wa sanaa hii unatoka Marekani. Mwaka 2011 msanii Candy Chang aliupaka rangi ya ubao wa shule ukuta wa nyumba iliyoachwa tupu katika mji wa New Orleans. Akaandika juu yake, mara nyingi, mwanzo wa sentensi moja kuhusu jambo ambalo mtu angependa kulifanya kabla hajafa, akaacha chaki kando. Nafasi zikajaa. Tangu hapo kuta kama hiyo zimejengwa katika nchi nyingi za dunia. Hatuudharau ukuta huo: majirani wasiosalimiana walisomana shauku zao, na hilo si jambo dogo mjini. Hata hivyo tunauliza: mkazi aliyetaka kuandika ni kwa nini nyumba ile imekaa tupu, na mwenyewe yuko wapi, angeandika katika mstari upi? Sentensi ilikwisha kuamua kwamba kila mtu atasema habari za matamanio yake, mmoja mmoja.

Wapo wenzetu watakaotukabili hapa kwa hoja nzito. Watasema kwamba pasipo mpaka hapana sanaa, kwamba umma ukiachiwa ubao mtupu huandika matusi na majina ya timu za kandanda. Hoja hiyo tunaikubali nusu. Kanuni ni lazima. Hata ushairi wetu una mizani na vina, na hakuna aliyesema kwamba vina vimemnyima malenga kauli. Lakini kuna kanuni inayomwezesha mtu kusema, na kuna kanuni inayomsemea. Tofauti yake haionekani katika matangazo ya maonyesho. Huonekana pale tu mshiriki anapofanya jambo ambalo mwandaaji hakulitarajia.

Jambo hilo lilimpata Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazili, naye alikuwa na ujasiri wa kulikiri. Mwaka 1973, akiwa uhamishoni, alifanya kazi nchini Peru katika kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma. Wakati ule waigizaji wake walionyesha kisa, wakasimama penye utata, wakawauliza watazamaji nini kifanyike, nao wakaigiza ushauri waliopewa. Siku moja mama mmoja aliwaletea kisa chake mwenyewe. Mumewe alikuwa akichukua fedha zake kila mwezi, akidai kwamba anajenga nyumba, na kumpa hati alizoziita stakabadhi. Mama hakujua kusoma. Siku aliyomwomba jirani amsomee, zikaonekana kuwa ni barua za mapenzi za mwanamke mwingine. Nini kifanyike? Mtazamaji mmoja, mwanamke mwenye mwili wake, akashauri kwamba mke aseme na mumewe kwa uwazi kabisa. Waigizaji wakaigiza mazungumzo ya uwazi. Akakataa, sivyo. Wakaigiza tena kwa ukali zaidi. Sivyo. Mwishowe Boal akamwomba apande mwenyewe aonyeshe alichokusudia. Akapanda, akatwaa fagio, akamcharaza yule mwigizaji aliyekuwa mume.

Wasomaji wetu ni walimu wa lugha, kwa hiyo tunawaomba wasicheke wakapita. Maneno "kusema kwa uwazi" yalieleweka na kila mtu jukwaani, na maana yake hakuijua yeyote ila mwenyewe. Hakuna nafasi iliyoachwa wazi ambayo ingeweza kulipokea fagio lile. Kutokana na tukio hilo Boal alikuza mtindo ambao mtazamaji husimamisha mchezo, humwondoa mwigizaji, na kuushika mchezo mwenyewe. Baadaye, alipokuwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro kuanzia 1993 hadi 1996, aliupeleka mtindo huo barazani. Vikundi vya wakazi viliigiza kero zao, watazamaji wakapendekeza namna ya kuzitatua, na mapendekezo yakaandikwa kuwa miswada. Sheria 13 za jiji zilipatikana kwa njia hiyo. Huo ndio ushirikishi wa sanaa katika maisha ya mji: mchezo ukiisha, kitu fulani barabarani hakiko kama kilivyokuwa.

Lakini kwa nini twende mpaka Rio? Jambo linalotuudhi zaidi ni kwamba sanaa hii inaletwa kwetu kama zawadi, ilhali mji wetu uliijua kabla neno lake halijabuniwa. Katika miaka ya 1970, mtu aliyeingia katika nyumba za wafanyakazi na makarani wa Lubumbashi aliweza kukuta sebuleni picha iliyochorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga: mamba muntu, au ile ya "Colonie Belge" yenye mfungwa anayechapwa viboko mbele ya afisa wa Kibelgiji. Picha hizo ziliitwa ukumbusho, na hazikutundikwa ili kupamba ukuta tu. Mgeni alipoketi aliuliza, mwenyeji akaeleza, babu akasahihisha, jirani akaongeza habari za baba yake aliyefungwa. Wachoraji walizirudia mada zilezile kwa sababu wanunuzi walizitaka, maana mazungumzo hayakwisha. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huu, alichora mwaka 1973 na 1974 historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya 100, akaisimulia picha kwa picha kwa Kiswahili mbele ya mtafiti Johannes Fabian. Mkusanyiko huo leo umehifadhiwa Amsterdam. Tunashukuru kwamba haukuliwa na mchwa. Lakini picha ya ukumbusho iliyotundikwa mahali ambapo hakuna wa kuulizwa habari zake imekatwa ulimi.

Wenzetu wa pwani watakuwa na mifano yao, tena mingine ya kutukosoa sisi. Katika taarabu mwanamke huinuka na fedha yake mkononi, akacheza hadi kwa mwimbaji, akamtuza penye ubeti mmoja, huku jicho lake likimwendea mtu fulani aliyeketi. Hakubadilisha neno hata moja la wimbo. Hata hivyo usiku ule wimbo ni wake, na aliyekusudiwa anajua. Kumbe hata penye maneno yaliyokwisha kutungwa mtu anaweza kupata kauli, ikiwa desturi inamruhusu kuamua maneno hayo yanamhusu nani.

Turudi kwetu. Mwaka 1986, Mobutu akiwa bado madarakani, Fabian alikutana na msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, naye akauliza maana yake. Kundi la maigizo la Mufwankolo, lililokuwa mashuhuri katika redio na televisheni ya hapa, likauchukua msemo ule na kuufanya mchezo. Hapakuwa na mswada wa mazungumzo. Waigizaji walibishana kwanza juu ya maana yenyewe: je, mamlaka hayagawanyiki, au ni mlafi tu anayesema hivyo? Wakapanga matukio, wakagawana nafasi, na maneno yakatungwa kinywani, katika Kiswahili cha mji huu. Katika nchi ambayo mamlaka yalikuwa yameliwa mazima kwa zaidi ya miaka 20, watu hawa walikaa wakajadiliana hadharani juu ya mlo huo, wala hawakuhitaji kadi na kalamu kutoka kwa yeyote.

Hapa ndipo kidole kinapotugeukia. Kiswahili kile cha Mufwankolo na cha Tshibumba, ndicho kile kile tunachokipigia mistari myekundu. Mtoto wa Katuba au wa Kenya akiandika "batoto" tunamkata alama. Akiandika "muntu mwenye anakuja" tunamwita mvivu. Hatusemi Kiswahili sanifu kiachwe. Ndicho kinachotuwezesha kusomana na Kigoma, Bujumbura na Mombasa, na kukifundisha ni kazi tuliyoichagua kwa mapenzi. Lakini yule aliyeibandua kadi ya muuza karanga alijifunza wapi kwamba maneno ya namna ile si jibu? Hatukuthubutu kumwuliza alisomeshwa na nani, kwa kuwa huenda tulikuwa sisi.

Tutoe ushahidi wetu wenyewe. Muhula mmoja tuliujaribu mtindo wa Boal katika darasa la sekondari. Wanafunzi waliigiza ugomvi wa wapangaji na mwenye nyumba juu ya bomba la maji. Kijana mmoja, ambaye kwa miezi mitatu hatukuisikia sauti yake isipokuwa wakati wa kuitikia jina, alisimama akasema: ngojeni. Akachukua nafasi ya mpangaji. Akaanza kusema na mwenye nyumba kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, haraka, kwa hasira yenye adabu, na darasa zima likanyamaza kumsikiliza. Nasi tukamkatiza. Tulimsahihisha kiambishi: si "bantu bote", ni "watu wote". Akasema ndiyo mwalimu, akarudia kwa usahihi, akakaa. Muhula ule hakusimama tena, na sisi tulimaliza somo tukiamini kwamba tumefundisha.

Kwa hiyo madai yetu yanawahusu waandaaji na walimu kwa pamoja. Anayetaka kuwashirikisha wakazi wa Kamalondo na awaulize kwanza swali liwe lipi, kwa lugha wanayoulizia bei sokoni. Jibu lisilotarajiwa lisibanduliwe. Na kama kuna atakayeona limepotoka, abandike lake kando, chini ya jina lake. Darasani, saa ya kuigiza iwe ya kuigiza, na kalamu nyekundu isubiri saa ya sarufi, ambayo ratiba imeipa vipindi vya kutosha. Na watahini wetu, wanaopenda mno nukta nukta kwa kuwa ni rahisi kusahihisha, waongeze walau swali moja ambalo mwanafunzi atalitunga mwenyewe kisha alijibu.

Kadi ya mama yule tuliwaomba waandaaji, wakasema imetupwa. Maneno yake, kama tulivyoyanakili, tumeyaandika juu ya ubao wa darasa letu, ba- zote zikiwa mahali pake. Mwenzetu mmoja aliyeingia kufundisha kipindi kilichofuata aliyasahihisha kwa chaki. Tumeyaandika upya.