MAJI YA KAMBI NA MTU AYAPIMAYE

Yuko mtaalamu mmoja ambaye afikapo langoni pa kambi huonekana msumbufu. Hana silaha wala cheo. Mkononi ana ramani, utepe wa kupimia kina na chupa tupu, na maswali yake hayapendezi: mafuta machafu ya karakana mlikuwa mkiyamwaga wapi? Tangi hili lilifukiwa mwaka gani? Ni nani aliyekuwa mtunza bohari kabla ya huyu? Kazi ya mtu huyo ni kuyajua maji yaliyo chini ya ardhi. Na pale yalipokwisha kuingiwa na sumu, ni kuitafuta ilikotoka, iendako, na namna ya kuiondoa. Tumeonelea leo tuwazungumzie askari wetu, na ndugu zetu wa Polisi, juu ya kazi hiyo, kwani wao na watoto wao hunywa maji ya kambi kila siku.

Kambi ya Camp Lejeune, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, ilianza kujengwa mwaka 1941 kwa ajili ya askari wa Marine. Maji yake ya kunywa yalitoka katika visima virefu vya kambi yenyewe. Katika karakana, vyuma vilisafishwa grisi kwa dawa iitwayo traikloroethilini, na dawa iliyochakaa ikaishia ardhini. Matangi ya petroli yaliyofukiwa yakavuja. Tena, nje ya mpaka wa kambi, alikuwako dobi wa kufua nguo kwa dawa badala ya maji; takataka za dawa yake, pakloroethilini, zikapenya mpaka kwenye visima vya Tarawa Terrace, mtaa wa familia za askari. Sheria ya Marekani huhesabu muda wa maji hayo machafu kuwa tangu Agosti 1953 hadi Desemba 1987. Yakadiriwa kwamba waliopitia hapo katika miaka hiyo wafikia watu milioni moja.

Hatuyasemi haya ili kuwacheka wenzetu. Linalotuudhi ni ile miaka iliyopotea. Mwaka 1980 maabara ya jeshi ilikwisha kuona dalili za dawa hizo. Mwaka 1982 zikatambuliwa kwa majina, na sampuli moja ya Mei mwaka huo, kutoka sehemu ya Hadnot Point, ikakutwa na maikrogramu 1,400 za traikloroethilini katika lita moja, hali kiwango cha juu ambacho serikali ya nchi hiyo ilikiweka baadaye ni 5. Hata hivyo visima vibaya havikuanza kufungwa ila mwishoni mwa mwaka 1984. Wakubwa walijitetea kwamba sheria ya kiwango haikuwapo bado, jambo ambalo ni kweli, na kwamba majibu ya maabara yalikuwa yakipanda na kushuka. Lakini yalipanda na kushuka kwa kuwa visima vilifanya kazi kwa zamu, leo hiki na kesho kile. Mjuzi wa maji ya ardhini angaliuliza kwanza daftari la pampu, na fumbo hilo lingalifumbuka siku ile ile.

Maji ya chini si mto uonekanao. Hupenya katika vitundu vya mchanga na nyufa za mawe, polepole sana, pengine mita chache tu kwa mwaka. Ili kujua yanaelekea wapi hapana budi kupima kina chake katika visima visivyopungua vitatu. Pampu kubwa nayo huyavuta maji ya pande zote, ikiyaleta pamoja na sumu yake mezani pa mnywaji. Petroli huelea juu ya maji hayo, lakini traikloroethilini ni nzito kuliko maji, kwa hiyo huzama chini kabisa na kukaa huko ikitoa sumu kidogo kidogo kwa miongo ya miaka. Tumepiga hesabu: lita moja tu yatosha kuharibu karibu lita milioni 290 kupita kiwango kile cha 5. Askari amwagaye debe moja nyuma ya gereji hudhani amemwaga kitu kidogo.

Usafishaji wenyewe ni kazi ya uvumilivu. Camp Lejeune iliandikwa mwaka 1989 katika orodha ya mahali pabaya zaidi pa kusafishwa nchini humo. Maji yamevutwa kwa pampu yakasafishwa, hewa imesukumwa ardhini ili kuifukuza sumu, na kazi haijamalizika mpaka hivi leo.

Pia wataalamu walirudi nyuma kuhesabu yaliyopita. Kwa madaftari ya zamani na kompyuta walionyesha, mwaka 2007, kwamba maji ya Tarawa Terrace yalizidi kiwango cha pakloroethilini tangu Novemba 1957 hadi Februari 1987. Hesabu za namna hiyo ziliwapa nguvu watu kama Jerry Ensminger, sajini mstaafu aliyelitumikia jeshi hilo miaka 24, ambaye binti yake Janey alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 9. Baba huyo hakuzisikia habari za maji mpaka mwaka 1997, na alizisikia kwa televisheni. Sheria ya matibabu kwa waathirika ilitiwa saini mwaka 2012 kwa jina la mtoto huyo, na ya kuwawezesha kudai fidia mahakamani ikafuata mwaka 2022.

Hapa Uganda zimamoto wako chini ya Polisi, nao wajue kwamba hata povu la kuzimia moto limekwisha kuharibu maji: huko Kallinge, Uswidi, mwaka 2013 maji ya bomba yaligunduliwa kuwa yamechafuliwa na povu lililotumika katika uwanja wa ndege za jeshi. Na sehemu kubwa ya maji yetu ya ardhini imo katika nyufa za mwamba mgumu, ambamo njia ya sumu ni ngumu kubashiri kuliko mchangani.

Twawaomba makamanda, basi, kila kambi na kila kituo kiwe na daftari moja: matangi yako wapi, mashimo ya takataka yalikuwa wapi, pampu ilifanya kazi saa ngapi. Majibu ya maabara yabandikwe ubaoni, mahali ambapo mke wa askari naye hupita. Na daftari hilo lianze kwa kuwauliza watunza bohari wa zamani, maana wanastaafu kila mwaka, na mengi ya hayo hayakuandikwa popote.