Majengo madogo yanayotumika ndiyo shule ya mafundi

Boma la Kale la Dar es Salaam lilijengwa karibu mwaka 1867, enzi za Sultani Majid bin Said, liwe mahali pa kufikia wageni wake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari imebebwa na boriti za mikoko, na mlango ni wa nakshi kama ile ya Unguja. Tawala zimepita, na zama baada ya zama likapewa kazi nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 lilinusurika kubomolewa, na tangu 2017 ndani yake kuna kituo kinachoonyesha historia ya usanifu majengo wa jiji. Ukilitazama leo kutoka Barabara ya Sokoine, likiwa limezungukwa na maghorofa marefu, ni rahisi kudhani limeachwa kwa huruma tu. Mimi naona limedumu kwa sababu liliendelea kutumika, na humo mna funzo ambalo wasanifu, wakandarasi na halmashauri zetu wanalihitaji kuliko picha za minara ya Dubai.

Ujuzi wa ujenzi hukaa katika ukarabati. Nyumba inayokaliwa ikivuja, mwenye nyumba anaona usiku uleule, na asubuhi anamtafuta fundi. Fundi anakuja na kijana wa kumsaidia, wanabandua lipu, wanakuta boriti imeoza upande mmoja, wanaikata na kuunga nyingine. Siku hiyo kijana amejifunza mambo ambayo hakuna mchoro ungemweleza: jiwe lipi la tumbawe ni jepesi na linafaa kuchongwa, lipi ni gumu na linafaa msingi, chokaa izimwe na kulowekwa muda gani kabla ya kupigwa ukutani. Jengo lisilo na mtu halimwiti fundi. Ufa unaanza mdogo, mvua za masika zinaupanua, na siku wakubwa wanapokuja kukagua, gharama imeshakuwa ya kuombea wafadhili. Ndiyo maana udogo ni muhimu. Nyumba ya vyumba sita inaweza kutunzwa na familia, msikiti au chama cha mtaa kwa fedha za kawaida, kasri haliwezi.

Tulilipia somo hilo kwa uchungu tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka mbele ya Forodhani, Zanzibar, na watu 2 wakapoteza maisha. Jengo hilo la Sultani Barghash, lililokamilika mwaka 1883, lilikuwa fahari ya mji mzima, na lilianguka wakati kazi ya kulifufua ikiwa imeshaanza. Mnara wake ulikwenda pamoja na nguzo za mbele. Sisemi kwamba hapakuwa na waliolijali. Wapo waliopiga kelele kwa miaka mingi. Lakini jengo la ukubwa ule lilihitaji serikali na mashirika kukubaliana kabla bati moja halijabadilishwa, na chumvi ya baharini haisubiri vikao. Linganisha na Ngome ya Lamu. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa gereza hadi 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sasa ina maktaba na maonyesho, na watu wa mji wanaiingia kwa shughuli zao. Kwa ngome ni jengo la kadiri, lakini muhimu zaidi ni kwamba lina watu ndani, na paa lake lina wa kulilalamikia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya makumbusho, na kwamba kijana anayejenga Mbagala au Mombasa hana cha kuiga katika kuta za matumbawe. Hapa tutofautishe sura na sababu. Chumba cha nyumba kongwe ya pwani ni chembamba na kirefu, upana wake kama mita 3 au pungufu, kwa kuwa boriti ya mkoko haibebi zaidi ya hapo. Kuta ni nene kiasi cha nusu mita, hivyo joto la mchana linachelewa kupenya. Ua wa katikati unatoa hewa ya moto juu na kuingiza mwanga usiochoma. Baraza la nje linampa mgeni mahali pa kukaa bila kuvuka faragha ya wenyewe. Zidaka za ukutani zinabeba vyombo na kupunguza haja ya fremu na makabati. Kila kitu kimetokana na jibu la swali halisi la jua, upepo, adabu au urefu wa mti. Anayebandika upinde wa plasta kwenye hoteli ya zege ameiga sura. Anayeuliza upepo wa kaskazi unaingilia wapi kabla hajachora dirisha ameiga sababu, hata kama atajenga kwa tofali za kuchoma.

Mfano wa wazi wa njia hiyo ya pili uko Gando, Burkina Faso, ambako Francis Kéré alijenga shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001 katika kijiji alikozaliwa. Alitumia tofali za udongo zilizoongezewa saruji kidogo, akainua paa la bati juu ya dari ili hewa ipite katikati, na wanakijiji wenyewe wakafanya kazi. Mwaka 2022 alipata Tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Kwangu tuzo si jambo kubwa zaidi. Kubwa ni kwamba vijana waliofunzwa katika mradi ule walitoka na ufundi wa kujipatia riziki kwingine. Kwetu pia amefika: kituo cha teknolojia alichojenga Turkana, Kenya, kilichokamilika 2021, kina minara ya kutoa joto iliyotokana na umbo la vichuguu vya mchwa vya eneo hilohilo.

Pingamizi zito zaidi ni la idadi ya watu. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zinakua haraka mno, na hakuna anayeweza kuzihudumia kwa nyumba za ghorofa moja. Nakubali. Maghorofa lazima yajengwe. Lakini urefu peke yake haujawa dhamana ya usalama wala ya ubora: Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Aliyezoea kuukagua ukuta kwa mkono na jicho kila mwaka ni mtu wa thamani hata kwenye jengo la ghorofa 20, na hatapatikana ikiwa tumebomoa kila mahali alipojifunzia. Tena si kila kubomoa ni kwa ajili ya makazi. Mara nyingi nyumba inayokaliwa na kaya kumi inaondoka na badala yake yanakuja maduka na maegesho.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi, na sitalikwepa. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na Shela ya Lamu, nyumba nyingi zimeokolewa kwa kugeuzwa hoteli, na wenyeji wamehamia pembezoni. Chokaa imerudi ukutani, jirani ameondoka barazani. Matumizi mapya yanayomfukuza mkazi si ushindi ninaoutetea, na kibali cha kubadili matumizi kingepaswa kupimwa kwa idadi ya kaya zitakazobaki mtaani, si kwa uzuri wa mapambo. Mikoko nayo ina mpaka. Misitu hiyo ni ngao ya pwani na mazalia ya samaki, kwa hiyo boriti mpya zivunwe kwa kibali, na zile za nyumba zinazobomolewa zitumike tena badala ya kuwa kuni.

Kuhusu gharama, kosa la kawaida linatugharimu mara mbili. Ukuta wa matumbawe hupumua: unavuta unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unanaswa ndani, chumvi inasukuma, na baada ya misimu michache lipu inaachia pamoja na ngozi ya jiwe. Mwenye nyumba anaita tena, analipa tena. Kwa hiyo zabuni za umma za kukarabati majengo ya matumbawe zitaje chokaa kwa jina na zimlipe fundi anayeijua kwa kiwango cha mtaalamu. Vyuo vya ufundi vya VETA nchini Tanzania na vile vya Kenya viwape mafundi wazee nafasi ya kufundisha bila kudai vyeti ambavyo hakuna aliyewahi kuwapa. Na kabla halmashauri haijatoa kibali cha kubomoa nyumba kongwe, iagize ipimwe na kuchorwa chumba kwa chumba, na michoro hiyo iwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa usanifu anaweza kuifungua.