Kopo lenye kuta mbili

Katika semina zetu neno "kopo" hupita haraka. Tunasema limetoka kwa Wareno, kwao "copo" ni bilauri. Tunaliweka katika ngeli yake, tunataja kwamba hapa Uvira wengi husema "kopo ya chumvi" na si "kopo la chumvi", kisha tunafungua ukurasa mwingine. Naona tunaliacha mapema mno.

Sokoni Mulongwe, chumvi na karanga hupimwa pia kwa makopo ya plastiki yaliyokuwa na krimu ya kujipaka. Makopo hayo hayakubuniwa kwa kupimia. Zamani krimu ilikaa kwenye kioo, kifuniko mara nyingi kikiwa cha bakelaiti, ile plastiki ya mwaka 1907 ya Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent kule Ubelgiji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilienea plastiki za kuyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu, na wabunifu wakapata nafasi ya kucheza: ukuta mpana nje, ukuta mwembamba ndani, hewa tupu katikati. (Kioo kinene nacho kilidanganya jicho, ila kwa uzito.) Mkononi kopo ni kubwa, krimu ni kidogo.

Nilichukua makopo mawili yanayolingana kwa nje, moja la ukuta mmoja, jingine la kuta mbili. Nilijaza maji la kwanza, nikamimina katika la pili. Likafurika na maji mengi bado yamebaki. Mwenye pesa ya kopo moja tu ya karanga anazikosa hizo zilizobaki. Mama mmoja muuzaji aliniambia: "Kopo ni kopo, mutoto yangu." Simlaumu. Lugha imempa neno moja kwa vipimo viwili.

Linganisha na Guigoz, kopo la maziwa ya watoto ambalo huku Kivu limekuwa kipimo cha mchele na maharage. Lina ukuta mmoja wa bati, na jina lake humwambia mnunuzi atapata kiasi gani.

Wapo watakaosema ujazo ni kazi ya wakaguzi wa soko, si ya wanaisimu. Lakini "kopo moja" ni neno la kiasi, na kulieleza kuwa "chombo kidogo" ni kuiacha maana yake nje. Katika orodha za msamiati tunazokusanya, nataka kila "kopo" liandikwe pamoja na ujazo wake, uliopimwa kwa maji, na jina la soko. Mimi naanza na Mulongwe na Kavimvira. Anayekwenda Kalundu aniambie.