MASHAURI KWA WENYE MOTOKAA: Mipira ya Rejeta

Yafikapo majira ya mavuno katika nchi ya Moiben, kuanzia mwezi wa Oktoba hata Desemba, barabara ziendazo Eldoret hujaa malori, matrekta na pikapu zilizobeba magunia ya mahindi na ngano. Kabla ya kuondoka, dereva mwangalifu hutazama magurudumu kama yana upepo, hupima oili, na kuhakikisha kwamba mafuta yatosha safari. Hayo yote ni mema. Lakini ni wachache wafunguao boneti wakaishika kwa mkono ile mipira miwili ipitishayo maji baina ya rejeta na injini. Kwa kuwa haina kelele, husahauliwa mpaka siku ipasukapo. Wazee walikwisha sema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.

Kwanza yafaa kufahamu kazi ya mipira hiyo. Injini ichomapo mafuta huzaa joto jingi, na joto hilo lisipoondolewa chuma hupinda na kuharibika. Kwa hiyo pampu huyazungusha maji ndani ya injini. Yakisha kupata moto, mlango mdogo uitwao thamostati hufunguka, na katika magari mengi maji hutoka kwa mpira wa juu yakaingia katika rejeta. Humo hupozwa kwa upepo wa safari na wa feni, kisha hurudi katika injini kwa mpira wa chini. Bomba gumu la chuma halifai kuunganisha mahali hapo, maana injini hutetemeka daima, nayo rejeta imefungwa katika mwili wa gari. Bomba gumu lingevunjika upesi.

Liko jambo moja ambalo mwenye gari wa Moiben hana budi kulijua kuliko mwenziwe wa Mombasa. Pwani maji huchemka kwa joto la digrii 100. Lakini nchi ya Moiben imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na huko msukumo wa hewa ni mdogo, hata maji ya sufuria huchemka kwa kadiri ya digrii 93 tu. Ndiyo sababu maharagwe huchelewa kuiva katika nchi za juu. Basi injini nyingi za siku hizi hufanya kazi kwa joto la baina ya digrii 85 na 100. Maana yake ni kwamba, kama rejeta ingekuwa wazi kama sufuria, maji yake yangeweza kuchemka hali injini haina ugonjwa wowote.

Kinachoyazuia yasichemke ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho kina springi iyabanayo maji kwa nguvu, na maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Katika gari lenye kifuniko kizima, hata huko Moiben, yaweza kupita digrii 110 kabla ya kuchemka. Lakini nguvu hiyo haikai mahali penye tundu. Ufa mdogo wa mpira, usiotosha hata kulowesha vumbi chini ya gari, huipoteza. Hivyo mtu asiseme, “Mpira unavuja kidogo tu, nitaongeza maji njiani.” Maji anaweza kuyaongeza, bali nguvu ya kuyabana hawezi kuirudisha kwa debe.

Tena dereva asiitegemee geji ya joto peke yake. Maji yakiisha yote, kile kipima joto hubaki katika mvuke au hewa tupu, na mshale waweza kushuka huku injini ikiungua. Mwisho wake ni gasketi kuungua na silinda hedi kupinda au kupasuka, na bei ya matengenezo hayo ni mara nyingi zaidi ya bei ya mpira mmoja.

Mpira huharibika kwa njia nyingi. Joto huufanya mgumu hata ukapasuka kama udongo wa kiangazi. Oili inayoudondokea huufanya laini na kuvimba. Ukigusa feni au ukingo wa chuma, hulika kidogo kidogo. Na iko njia nyingine isiyoonekana: maji ya rejeta yakigusana na vyuma vya namna mbalimbali huzaa umeme hafifu, na umeme huo huuchanachana mpira kwa ndani, hasa karibu na ncha zake. Kwa hiyo mpira waweza kung'aa kwa nje, na ndani umekwisha kuoza.

Ndiyo maana kutazama hakutoshi, sharti kushika. Kazi hiyo na ifanywe mara moja kila mwezi, asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Mwenye gari na auminye mpira kwa vidole, kwanza katikati, kisha karibu na klipu za ncha zote mbili. Mpira mzima huminyika na kurudi. Ukiwa mgumu kama ubao, au laini kama tope, au ukilia ndani kana kwamba unavunjika, umekwisha kazi. Ukiwa ncha zake ni laini kuliko katikati, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa ndani. Utando mkavu wa rangi nyeupe au ya kulanti ukionekana kando ya klipu, maji yanapita hapo. Na mpira ukibonyea wenyewe gari lipoapo, kifuniko cha rejeta nacho kichunguzwe, maana yamkini hakirudishi maji ipasavyo.

Hata usipoonyesha dalili, mafundi wengi hushauri mpira ubadilishwe baada ya miaka minne au mitano. Anayebadilisha na angoje injini ipoe, kisha afungue kifuniko na kuyateka maji katika beseni. Kulanti isimwagwe ovyo uani, kwa kuwa aina nyingi ni tamu nazo ni sumu kwa watoto, mbwa na ndama. Mpira ulioganda usivutwe kwa nguvu wala kuchokolewa kwa bisibisi, maana shingo ya rejeta huvunjika upesi. Heri kuuchana kwa kisu taratibu. Shingo zisafishwe kutu na uchafu. Mpira mpya uwe na umbo na unene sawasawa na ule wa zamani, na kama ule wa chini ulikuwa na springi ndani, mpya nao uwe nayo ikiwa mtengenezaji ameagiza hivyo.

Klipu ya kukazwa kwa bisibisi, ambayo Mwingereza Lumley Robinson aliibuni mwaka 1921, ni kifaa cha bei ndogo. Hapana sababu ya kufunga mpira kwa waya wa ua, ambao huukata. Klipu ikae nyuma ya ukingo wa shingo, wala isikazwe kupita kiasi. Kisha rejeta ijazwe polepole, injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi ili hewa itoke, na maji yaongezwe yapunguapo, kisha kifuniko kifungwe kabla maji hayajapata moto mwingi. Baada ya safari fupi, injini ikisha kupoa, klipu zitazamwe tena.

Na kama mpira ukipasuka njiani? Dereva na asimame mara moja mahali pa salama na kuzima injini. Kifuniko kisiguswe. Maji yaliyobanwa yakifunguliwa hugeuka mvuke ghafula na kurukia uso na mikono. Wengi wamepata makovu ya maisha kwa haraka ya dakika moja. Na angoje nusu saa au zaidi, mpaka rejeta na mipira vishikike kwa mkono bila kuunguza. Wala asimwage maji baridi katika injini yenye moto, isije ikapasuka. Ufa waweza kufungwa kwa utepe wa mpira uliokazwa sana, na kifuniko kikaachwa kimelegea kidogo ili maji yasiusukume utepe. Lakini hiyo ni dawa ya kufika kwa fundi wa karibu tu, kwa mwendo wa taratibu na kwa kusimama mara kwa mara.

Anayetoka Moiben kwenda Iten na kuteremka Tambach hata bonde la Kerio na akumbuke kwamba atashuka zaidi ya mita 1,000, na kwamba siku ya kurudi atayapanda yote, gari likiwa na mzigo, katika joto la bonde. Mpira uliovumilia uwanda hauna hakika ya kuvumilia mlima ule. Huenda siku hiyo gari halikubeba magunia, bali mama mjamzito anayepelekwa hospitali. Basi mipira na ishikwe asubuhi, gari lingali nyumbani.