Musivunje ndege ya mutoto

Kuna neno moja linarudiaka mu lupango nyingi za Kampemba, toka Bel-Air mpaka Bongonga, kila mara mutoto anapookota motere ya kufa na kipande cha frigoliti: "Acha ile michezo, ende kusoma." Na kama kitu anatengeneza ni ndege ya vita, neno linakuwa kali zaidi: "Vita tulishaona ya kutosha mu hii inchi. Sasa unatuletea ingine mu nyumba?" Wazazi wenye kusema vile wana haki nusu. Kwa ile nusu ingine, wanatupa inje kitu ambacho mji wetu wa mikuba unahitaji sana.

Tuelewane kwanza juu ya mchezo wenyewe. Kule Ulaya, Marekani, hata Afrika ya Kusini, kuna watu wazima, wengine wazee wa pansio, wanaopitisha siku yao ya yenga wakirusha ndege ndogo zenye sura ya ndege za vita za zamani: Spitfire ya Waingereza, Mustang ya Wamarekani. Sura njo ya vita, lakini ndani hakuna risasi hata moja. Ndani kuna motere ndogo ya umeme, batri, kisanduku cha kupokea mawimbi ya telekomande, na vimashini vidogo vinavyoitwa servo, vyenye kuvuta sehemu za mabawa na za mukia ili ndege igeuke, ipande, ishuke. Na utamu wa mchezo si kurusha tu. Utamu ni kubadilisha. Muntu anatosha motere ya kwanza anaweka yenye nguvu, anaona ndege imekuwa nzito mbele, anasukuma batri nyuma, anaona sasa inainua pua, anarudisha kidogo. Anapaka rangi, anakata matairi juu kiwanja ni cha majani na vumbi. Kila kitu anachogusa kinabadilisha kingine. Hakuna ufundi bila ile akili.

Watoto wetu wanaijua kazi hii tangu zamani. Nani hapa hakuona motokari ya waya, yenye matairi ya kopo na fimbo ndefu ya kugeuzia? Hakuna mwalimu aliyeifundisha. Ndege ya telekomande ni ndugu mukubwa wa ile motokari.

Sasa wewe baba mwenye kushuka mu mine kila asubui, chukua ile motere ndogo, ifungue. Utakuta waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara mingi, na kando yake sumaku. Umeme ukipita mu waya, ule muzingo unageuka sumaku nao, unasukuma na kuvuta ile sumaku ya kando, na motere inazunguka. Motere kubwa zenye kuzungusha mashini za kusaga mawe mu usine nazo zinazunguka kwa nguvu ileile, waya wa shaba na umeme. Na batri? Nyingi kati ya zile batri nyepesi za litiamu zina kobalti ndani. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka mu udongo wetu: Kolwezi, Fungurume, mpaka hapa jirani Ruashi. Basi ile ndege mutoto anashika ni mujukuu wa kazi yako. Shaba yako iko ndani, kobalti yako iko ndani.

Sisi tunajua kobalti inapotoka. Tunajua pia bei yake inaposhuka, na mu Februari 2025, wakati serikali ilisimamisha kuitosha inje ya inchi, nyumba mingi zilisikia ile habari mu chungu. Lakini ni watoto wangapi wa wachimbaji wanajua kobalti inafanya kazi gani kisha kutoka hapa? Tunabeba gunia, hatujui safari ya gunia. Mutoto mwenye kufunga batri mu ndege yake anaanza kuijua. Anajifunza kama chumba kimoja cha batri ya litiamu kina volti 3.7, na vyumba vitatu vikifuatana vinatoa volti 11.1. Anajifunza kama motere ina hesabu yake ya mizunguko kwa kila volti, na akiweka batri kubwa na helisi kubwa bila kupiga hesabu, motere inaungua na franga zimepotea. Anajifunza kutafuta mahali ndege inasimama sawa juu ya vidole viwili: kwa ndege nyingi ni kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kuanzia mbele. Hii ni hesabu na fizika, zilezile anazokimbia mu darasa juu zimeandikwa ku ubao bila kitu cha kushika.

Mutasema: sawa, lakini juu ya nini ndege ya vita? Si arushe ndege ya watu tu?

Swali ni la haki, na sisi watu wa Lubumbashi tuna jibu letu, juu historia ya ndege ya vita ilipita hapa juu ya vichwa vya wazazi wetu. Mu 1961, wakati Katanga ilikuwa imejitenga, jeshi lake la anga lilipata ndege tatu za Kifaransa zinaitwa Fouga Magister. Mu Septemba ya ule mwaka ilibakia moja tu yenye kuruka. Tarehe 13 Septemba ONU ilianza operasyo yake hapa Élisabethville, na ile ndege moja ikapiga askari wa ONU hapa mu mji na kule Jadotville, leo Likasi, ambako kompani ya Wairlandi ilikuwa imezungukwa. Ikaharibu pia ndege za ONU zilizosimama chini. ONU haikuwa na ndege ya kupigana hata moja. Woga wa ile ndege moja ulikuwa mukubwa mpaka Katibu Mukuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, alipokwenda Ndola kuzungumza na Moïse Tshombe, ndege yake ilizunguka njia ndefu, usiku. Ilianguka karibu na Ndola usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961. Watu 16 walikuwa ndani, wote walikufa, na sababu yake inabishaniwa mpaka leo. Kisha ONU ikaleta ndege zake za vita, za Wasuedi, Waetiopia na Wahindi.

Ni watoto wangapi wa Kampemba wanaijua hii? Wanajua Spitfire juu ya filimu. Fouga hawaijui, na iliwatisha bibi zao. Tena Fouga iko na somo ndani yake. Ilijengwa kuwa ndege ya kufundishia: viti viwili, mwalimu na mwanafunzi. Watu wazima walichukua ndege ya masomo, wakaifunga bunduki na mabomu, wakaifanya ya vita. Mutoto mwenye kuchukua sura ya ndege ya vita, kutengeneza ndani yake na kuuliza namna inaruka, anafanya kinyume: anairudisha ku masomo. Na mukia wake ulikuwa wa sura ya V, vipande viwili tu pahali pa vitatu, kila kipande kinafanya kazi mbili, kupandisha na kugeuza. Kuiga ile mukia kwa telekomande ni mtihani wa kweli. Kijana mwenye kuuweza, mumuite fundi.

Basi wazazi wasikimbie neno vita. Wakae chini, waseme kilichopita. Mutoto mwenye kujua nani alikufa na kwa sababu gani hatacheza vita sawasawa na ule asiyejua kitu.

Nilisema wazazi wana haki nusu. Nusu yao njo hii, na sitaipunguza.

Ya kwanza, uwanja wa Luano hauko mbali. Ndege ndogo ya kilo moja ikiingia mu njia ya ndege ya watu, mchezo umekwisha, na pengine maisha. Hakuna kurusha upande wa Luano, hata asubui ya mapema, hata mara moja. Mu inchi nyingi wanakataza kupita mita 120 kwenda juu na kurusha mahali macho hayafiki. Sisi pia tufuate vile, na kabla ya kuanza, mukubwa aende kuuliza ku kartie, ku komini na ku mamlaka ya anga ya kiraia.

Ya pili, wakati tuliomo. Ku mashariki ya inchi yetu, drone zinaua watu. Askari mwenye kuona kitu kinaruka chenye rangi za jeshi na mabomu ya karatasi chini ya mabawa hatauliza kwanza kama ni frigoliti, na hatuwezi kumulaumu. Kwa hiyo: hakuna kamera, hakuna mabomu ya uongo, hakuna kurusha karibu na kambi, usine wala mine. Na kijana asiende peke yake. Mukubwa anayejulikana mu kartie awe pale.

Ya tatu, batri. Batri ya litiamu ikijazwa kupita volti 4.2 kwa chumba, ikitobolewa ao ikivimba, inaweza kuwaka, na moto wake ni mubaya. Ijazwe na chaja yake yenye kusawazisha vyumba, juu ya simenti ao tofali, na muntu akiwa macho. Si juu ya kitanda, si usiku wakati wote wamelala juu umeme umerudi saa nane. Batri ya simu ya kufa haifai kabisa. Haikutengenezwa kutoa nguvu mingi kwa mara moja.

Ya ine, kuanza. Ndege ya vita ni mwalimu mubaya. Bawa lake ni dogo kwa uzito wake, inataka mbio, ukipunguza mbio inaanguka kama jiwe. Mutoto aanze na ndege ya bawa pana lililo juu ya mwili, ya polepole, yenye kusamehe. Ile Mustang ingoje.

Sasa niseme ninachoomba, na kwa nani.

Kwa masomo ya ufundi, sawa Institut Salama ya Wasalesiani na zingine: wekeni ndege moja ya telekomande mu somo la umeme. Mwaka mzima wanafunzi waifungue, waibadilishe, waandike hesabu zake. Mine za leo zinatumia drone kupima ukubwa wa vilima vya mawe na kuchora ramani za shimo. Ile kazi iko hapa kwetu. Itafanywa na mutoto wa nani?

Kwa komini: mutuonyeshe kiwanja kimoja, mbali na Luano na mbali na waya za SNEL, na saa moja ya kujulikana, siku ya yenga asubui wakati upepo ungali mudogo. Kitu chenye mahali na saa, polisi anaweza kukilinda. Kitu cha kufichama kinaleta tu mashaka.

Kwa jamii zinazoguswa na miradi ya mine: kodi ya mine ya mwaka 2018 inaamuru kampuni kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Maji kwanza, dispensere kwanza, hakuna mwenye kubisha. Lakini mu ile liste, chini kabisa, tuandike atelie moja ya watoto: meza, vyuma vya kuchomea waya, vipimo vya umeme, chaja nzuri. Haitakula mahali pa kisima. Na kisima nacho kiko na pompe, na pompe siku moja inakufa. Tutaita nani?

Na kwako mama, na kwako baba mwenye kurudi na vumbi ku viatu: leo mangaribi ukikuta frigoliti imekatwa-katwa mu saluni na waya zimetawanyika, usipige teke. Uliza: "Hii inafanya nini?" Kama mutoto anaweza kukueleza, umuachie. Kama hawezi, umwambie aende kutafuta jibu na arudi. Kisha umuonyeshe ile shaba ndani ya motere, umwambie nani aliichimba.